Goretti Ayaa na Mashairi Aliyopikia Chakula

Marehemu Goretti Ayaa, Mama Aloyo. Alizaliwa 6 Julai 1960, akafariki 15 Septemba 2024. Maneno haya ni ya mumewe, Mzee Oryem. Anayeyasoma ni binti yao Aloyo, hapa nyumbani Bukoto, Jumatano tarehe 18 Septemba 2024, kabla ya safari ya kwenda kumzika Pajule.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 12 Septemba, marehemu aliwasha sigiri ya makaa, akachemsha chai ya tangawizi na muhogo. Mvua ilikuwa imenyesha. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na shati tu. Akaniuliza bila kugeuka:

“Mzee, nipe neno. Herufi sita. Kinauma na hakina meno.”

“Njaa.”

“Fupi.”

“Mke.”

“Fupi kuliko njaa. Na mke ana meno, wewe unayajua.”

Nikasema nimeshindwa. Aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, nami nikampa Jinja, maana ndiko alikozaliwa. Akaupokea. Akasema, “Ni baridi, mzee. Kavae sweta.”

Nikavaa. Tukanywa chai. Saa tatu akachukua mfuko wake akaenda sokoni. Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida.

Kabla sijaenda mbele, nina neno na mwanangu. Bonny, najua umesimama nyuma, karibu na geti. Tangu Ijumaa hujala katika nyumba hii. Wewe ni mlinzi, unabeba bunduki ya kampuni, na unamjua kijana aliyeendesha ile pikipiki iliyomuua mama yako. Unajua na mlango wa kwao. Umesema tukishamzika mama utarudi Kampala umalize kazi moja. Nilikuomba ndani ya nyumba, ukatoka nje. Leo nakuomba mbele ya watu. Sikiliza maisha ya mama yako mpaka mwisho, halafu uamue.

Marehemu alizaliwa katika kambi ya jeshi Jinja, mtoto wa kwanza wa Koplo Ogwang na Mama Acen. Alizaliwa siku ya Mtakatifu Maria Goretti, ndiyo maana padri alimpa jina hilo. Mtakatifu yule alichomwa kisu akamsamehe aliyemchoma. Marehemu alikuwa akisema, “Yeye alikuwa mtakatifu. Mimi nimepewa jina tu.”

Alianza shule pale pale kambini. Walimu walimpenda kwa sababu ya mwandiko. Alipokuwa darasa la sita, mwaka 1972, wanajeshi wa serikali walikuja kambini kuchukua askari wa kabila letu. Koplo Ogwang alikuwa ananyoa ndevu. Walimchukua povu likiwa bado kwenye shavu moja. Mtoto alitoka nje akaona. Walimpiga baba yake kwa kitako cha bunduki mdomoni mpaka meno yakamwagika kwenye vumbi. Mmoja wao akaokota kofia ya koplo, akaipangusa, akaivaa. Wakampandisha kwenye lori. Hakurudi. Mpaka leo hatuna kaburi lake.

Siku chache baadaye mtoto alichukua karatasi ya sukari, akaandika namna atakavyomuua yule mwenye kofia. Aliandika kila kitu, alianza na macho. Mama yake akaiona. Akampiga kofi, akamwambia, “Unataka waje watuchinje sote?” Akaisukuma karatasi kwenye moto, chini ya chungu cha mboga. Hakuwa na jambo lingine kichwani, alikuwa anaogopa tu. Lakini mtoto alikaa pale akatazama. Aliona maneno yanakunjamana, yanakuwa meusi, yanaruka. Mboga ikaiva wakala. Marehemu aliniambia kwamba tangu baba achukuliwe, chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Siku ile kilipita.

Mama yake alifanya kwa woga. Yeye akaifanya desturi. Toka hapo, mtu akiitendea mabaya nyumba yake, marehemu alimuua kwa shairi, akalichoma, akapikia. Watu wote wa nyumba wakala, na jambo likaisha.

Shule iliisha hapo. Mama na watoto walipanda lori la mkaa wakarudi kwao Pajule. Marehemu alilima, akatwanga, akaandika.

Mimi nilimkuta mwaka 1980 kwenye kizuizi cha barabara. Nilikuwa polisi. Sikusoma, najua kutia sahihi tu. Tulikuwa tunapekua mizigo, mimi na mwenzangu Ongom. Ndani ya fundo la nguo za msichana huyu nikapata karatasi imekunjwa. Nikaifungua, nikaitazama kwa muda kama wakubwa wanavyofanya.

Akasema, “Afande, umeishika kichwa chini.”

Ongom akacheka mpaka akakaa kwenye gunia. Nikaigeuza. Nikamuuliza, “Imeandikwa nini?”

“Dawa ya minyoo.”

“Inatumiwaje?”

“Unaichoma, unapikia, unakula.”

Ongom alijua kusoma. Alinyoosha mkono niipe. Sijui kwa nini sikumpa. Nilimrudishia msichana, nikamwambia apite. Tulipooana akaniambia kilichokuwamo. Kulikuwa na ofisa mmoja, kwa jina na cheo chake, aliyekuwa amempiga risasi binamu yake wiki ile. Kwenye karatasi alikuwa amemchuna ngozi kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. Ongom angeisoma, msichana angelala pale pale kando ya barabara na nzi.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Mei 1981, parokia ya Pajule. Mahari ilikuwa ng'ombe na mbuzi, na yeye akadai penseli. Wazee walidhani anatania. Nikamnunulia.

Nilihamishiwa Kampala, tukapewa chumba katika kambi ya polisi. Aloyo alizaliwa mwaka 1982. Alal alizaliwa mwaka uliofuata.

Januari 1986 mji ulipigwa. Wenye silaha walikuwa wanapita, wengine wakija, wengine wakikimbia, na wote walipiga risasi. Risasi moja ilitoboa bati, ikatoboa sufuria, ikampata Alal kifuani. Alikuwa ameshika kijiko. Marehemu alimbeba mpaka akapoa. Halafu wakaja watu, sijui ni wa upande gani, wakachukua godoro, redio na viatu vyangu. Mmoja alimruka mtoto ili apite.

Hatukujua nani aliyepiga. Marehemu alisema hilo ndilo gumu kuliko yote, kumuua mtu usiyemjua sura. Alianza kuandika. Kila siku alimuua kwa namna nyingine. Kwa panga. Kwa maji ya moto. Kwa mchi wa kutwangia, kuanzia vidole. Alinisomea yote, kwa sababu mimi siwezi kusoma na hakuwa na mtu mwingine. Niliyasikia mambo ambayo sijayaona hata kazini, na kazini niliona. Kisha yaliingia kwenye sigiri, akapika, tukala. Masika ikapita tukiwa tunamla mtu huyo. Siku moja akaweka penseli chini. Nikamuuliza, “Amekufa?”

“Amekufa. Nimechoka kumbeba.”

Bonny, wewe ulizaliwa mwaka 1988. Kama mama yako angekuwa bado anambeba yule mtu, mgongo wake usingekuwa na nafasi yako.

Nilipostaafu tulihamia hapa Bukoto. Jirani yetu mwenye duka, Mwalimu Tajudin, watu wake walitoka pwani zamani na misafara ya biashara. Anafundisha watoto Kurani nyuma ya duka, na anajua mashairi ya kupimwa. Yeye ndiye aliyemfundisha marehemu vina na mizani. Walikaa kwenye benchi la duka, mmoja ana tasbihi, mwingine ana rozari, wanahesabu silabi kwenye vidole. Watu walidhani wanasali. Siku moja marehemu alikuwa anamtengeneza upya yule mwenye kofia. Alikuwa amemkata vipande nane.

Mwalimu akamwambia, “Mama Aloyo, nane hainipi kina. Hapa nataka -ba.”

“Basi viwe saba. Kipande kimoja nimemsamehe.”

Ubeti huo naukumbuka, kwa sababu kila mwaka aliuandika tena na kuuchoma tena. Nausema kama nilivyousikia:

Uliyechukua baba, mimi nimekuchukua,
Na shingo nimeikaba, macho nimekufumua,
Vipande vyako ni saba, fisi wanavichagua,
Nami leo nimeshiba, majivu nayapakua.

Mengine yote yamekwenda na moshi. Wageni wanaoniuliza mashairi ya marehemu yako wapi, jibu ni kwamba tumeyala.

Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kupika katika shule ya watoto wadogo Ntinda. Aliwapikia uji, ugali wa posho na maharagwe. Walipomaliza kula alichora miraba ya maneno kwa mkaa kwenye sakafu ya nje. Neno moja linakwenda kulala, jingine linashuka, yanakutana kwenye herufi. Aliyejaza sawa alipata andazi. Aliyekosa alitoa mji, na watoto wengine hawakujua miji, wakampa Ntinda kila siku. Aliipokea. Mbele yao alikuwa mpole. Lakini mimi nilijua kumsoma, ingawa sijui kusoma kitu kingine. Akiwauliza watoto matunda na wanyama, nyumbani kuna amani. Akiwauliza, “Herufi tano, kinakata,” najua kuna mtu anakufa. Watoto wanapiga kelele: panga, shoka, wembe. Walikuwa wanampa silaha na hawajui.

Nikirudi jioni nikakuta chakula kinanukia karatasi, namuuliza, “Leo tunamla nani?” Ananitajia. Mwenye nyumba aliyetufungia maji. Mwizi wa kuku. Daktari aliyemfokea Aloyo akiwa na uchungu wa kuzaa. Siku moja nikauliza, akasema, “Wewe.” Sikuuliza kosa. Nilimaliza sahani.

Yule mwizi wa kuku alivimba mguu wiki ile, na mtaa ukaanza kunong'ona. Akina mama wawili walikuja hapa na majina ya watu kwenye karatasi, wakitaka wasaidiwe. Marehemu aliwarudishia. “Mimi si mchawi, nnyabo. Yule amevimba mguu kwa sababu aliruka ukuta wenye chupa. Kila mtu apike adui yake kwa sigiri yake.”

Sasa niseme kifo chake.

Alhamisi hiyo alitoka sokoni, akapitia barabara ya Ntinda. Alikuwa na nyanya, dagaa wa mukene na chumvi. Mkanda wa mfuko alikuwa ameuzungusha kwenye kifundo cha mkono, ndivyo alivyobeba siku zote. Pikipiki ikaja nyuma, vijana wawili. Aliyekaa nyuma akashika mfuko, aliyeendesha akakaza mafuta. Mkanda haukukatika. Walimburuta kwenye lami. Watu walipiga kelele, lakini hawakusimama. Walimburuta mpaka kichwa chake kilipogonga ukingo wa mfereji, ndipo mkanda ukakatika. Shavu la kulia lilibaki barabarani. Mkono ulivunjika mahali pawili. Mukene walitawanyika kwenye damu, na mbwa akaja.

Pikipiki iliyumba, aliyekaa nyuma akaanguka. Watu walimvamia kwa mawe na vyuma. Walikuwa wameshamvisha tairi na petroli imeshaletwa polisi walipofika wakamtoa. Yuko rumande, jicho moja halipo. Aliyeendesha alikimbia. Huyo ndiye Bonny anayemjua.

Tulimkuta hospitalini. Ijumaa alasiri akafungua macho. Mdomo ulikuwa umevimba, lakini maneno yalisikika. Hakuuliza habari ya mfuko. Alitutazama mmoja mmoja, akasema, “Nipeni neno. Herufi tano, kinakata.”

Aloyo akasema, “Panga,” huku analia.

Mimi nikasema, “Shoka.” Nilijua sasa ana kazi.

Bonny akasema, “Risasi.”

“Hiyo ni sita, na haikati. Nimesema tano.”



Mkono wa marehemu haukuweza kushika penseli, kwa hiyo alisema na Aloyo akaandika mgongoni mwa bahasha ya picha ya mifupa. Alikuwa anapumzika kila baada ya mstari. Siwezi kulisema shairi hilo hapa, watoto wapo. Niseme tu kwamba alimfunga yule kijana aliyeendesha nyuma ya pikipiki yake mwenyewe, akapanda yeye, bibi wa miaka sitini na minne, akamburuta kutoka Ntinda mpaka Jinja. Hakuacha kona hata moja. Alipofika daraja la Nile alikuwa anaburuta kamba tu. Nimemsikiliza kwa miaka arobaini na mitatu. Hajawahi kuua vizuri namna ile.

Nyuma ya wodi kuna mahali ambapo wanaouguza hupika. Aloyo aliichoma bahasha chini ya sufuria ya uji. Akaleta uji kwenye bakuli. Marehemu alikunywa vijiko viwili, uji ukichanganyika na damu ya ufizi. Mimi nilikunywa. Aloyo alikunywa. Bonny alisukuma bakuli mpaka likamwagika.

“Mama, mimi si wa karatasi,” alisema. “Yule bado anapumua.”

Akatoka. Marehemu aliutazama mlango. Jumamosi alimsubiri mchana kutwa. Kila viatu vilipopita aligeuza kichwa, na kugeuza kulimuumiza. Aliyekuja ni Mwalimu Tajudin, naye alitamkiwa shairi kwa kumbukumbu, kwa sauti ya chini. Akasikiliza mpaka mwisho akiwa ameinama. Akasema mstari wa tatu umepungua mizani.

Marehemu akasema, “Hata mbavu zimepungua, mwalimu. Uache hivyo hivyo.”

Walicheka wote wawili, na kicheko kikamletea kikohozi, na kikohozi kikaleta damu. Mwalimu alitoka akaenda kusimama kwenye ukumbi na uso ukutani.

Jioni ile alinishika kidole, kwa sababu mkono mzima ulikuwa na sindano ya maji. Akanipa neno la kumpa Bonny. Jumapili tarehe 15 Septemba, watu wanakwenda misa ya kwanza, alipumua mara moja kwa nguvu, kama anayenyanyua mtungi, na hakupumua tena.

Marehemu ameacha mume, Mzee Oryem; binti, Aloyo, na mkwe, Shakib mwana wa Mwalimu Tajudin; mwana, Bonny; wajukuu wawili, Taqwa na Adong; na watoto wa shule ya Ntinda, ambao jana walikuja na mwalimu wao wakasimama kwenye lango, na mmoja wao akasema anampa bibi Ntinda yote. Waliomtangulia ni Alal, na Koplo Ogwang popote alipolala.

Apumzike mahali ambapo hakuna anayegonga mlango kwa kitako cha bunduki.

Bonny, uliapa kwamba ukirudi kutoka Pajule utamwaga damu. Mimi ni mzee, siwezi kukuzuia kwa mikono. Nimewahi kuona mtu anaua, na nimewahi kumwona mtu huyo huyo akila baada ya hapo. Chakula hakishuki. Na ukimuua yule, mama yake naye ataleta petroli kwenye geti hili, na Taqwa na Adong wamo ndani.

Kwetu neno la anayekata roho halirukwi. Aliyelisikia hulisema mbele ya ukoo. Nimekutafuta tangu Jumamosi nikupe neno lako, na kila nikikaribia unaondoka. Sasa ukoo upo, majirani wapo, padri yupo, Mwalimu Tajudin yupo. Wote watakuwa mashahidi kwamba umelipata. Shangazi zako wameandaa chakula, na sahani yako iko mezani imefunikwa. Basi haya ndiyo aliyosema mama yako, sikuongeza, sikupunguza:

“Bonny, huyo nimeshamuua mimi. Kaa chini, ule.”